Msituambie "inafanana tu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba unisamehe maana barua yenyewe ndefu kidogo, hili jambo la kubadilishiwa mfumo wa kompyuta kwa kuambiwa "inafanana tu" limenikaa moyoni tangu Oktoba 2025 na nimeona nikiendelea kunyamaza kuna mama mwingine au mwalimu mwingine yatamkuta yale yale yaliyonikuta mimi.

Mi nina steshenari Tandika, nilifungua 2015. Natoa kopi, naprinti, natype barua na CV, nawajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, natengeneza kadi za michango ya harusi na za kipaimara, na kila mwezi walimu wa shule za jirani wananiletea mitihani niwachapie. Kompyuta ninazo mbili, zote za mtumba, nilizinunua Kariakoo 2019, prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5 ya jenereshen ya nne, RAM GB 4, zikiwa zimeshapigwa Windows 10, ule mfumo unaoendesha kompyuta. Sijawahi kusomea kompyuta darasani, nilifundishwa na dada mmoja niliyekuwa nimeajiriwa kwake kabla sijafungua changu, mengine nimeyajua kwa kukaa pale mezani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku.

Sasa mwaka 2025 ikaanza kuja taarifa kwenye skrini kwamba Windows 10 inafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mtaani maneno yakawa mengi, kuna walioniambia siku hiyo ikifika kompyuta itazima haiwaki tena, kuna fundi alikuwa anapita duka kwa duka anasema mnunue mashine mpya mapema kabla bei haijapanda. Kwanza niliseme hili kwa sababu bado kuna watu wanaamini hivyo: kompyuta haizimi. Inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, kinachoisha ni zile apdeti za usalama, yaani ukipatikana mwanya wa wezi kuingilia, wewe haupati kiraka. Na hata hizo kwa mtumiaji wa nyumbani kulikuwa na nafasi ya kujiandikisha akaongezewa mpaka Oktoba 2026. Haya mi niliyajua baadaye, wakati hasara imeshaingia.

Windows 11 mashine zangu haziipokei. Inataka kachipu ka usalama kanaitwa TPM toleo la 2.0, na kwa Intel wanataka prosesa kuanzia jenereshen ya nane, sasa za kwangu ya nne. Nikauliza bei ya mashine ya kufaa, hata hiyo ya mtumba, nikaambiwa laki sita na nusu kwa moja. Mi nauza kopi kwa shilingi mia. Mtu apige hesabu mwenyewe ni kopi ngapi hizo, tena kabla hujatoa karatasi, wino, umeme na kodi ya fremu.

Ndio fundi wangu, ambaye jina lake sitalitaja na wala sina ugomvi naye, akaniambia, "Dada usiumize kichwa, mi nakupigia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure, haina virusi, haina mambo ya kuisha muda, na wala hutapata shida, inafanana tu." Nikamuuliza mara mbili, na kazi zangu zitafunguka? Akasema zote, inafanana tu. Nikampa elfu 20 yake, ilikuwa Jumamosi jioni, akakaa nazo mpaka usiku akamaliza zote mbili. Skrini ikawa nzuri kweli, menyu iko chini kushoto kama niliyoizoea, nikafunga duka nikaenda nyumbani roho imetulia.

Jumatatu saa moja kasoro kaja mwalimu wa hisabati. Huyu ni mzee wangu, ameniletea kazi tangu nimefungua, akifika namwamkia shikamoo mwalimu, ananipa flashi yake, anakaa kwenye lile benchi anasubiri. Mtihani wa mwezi, kurasa nne, yaani karatasi mbili mbele na nyuma, wanafunzi 180. Nikafungua faili. Limefunguka, sikatai, lakini kurasa nne zimekuwa tano. Ile pembetatu ya swali la 12 imepanda juu ya maandishi ya swali la tisa, majedwali yamejivuta mpaka nje ya karatasi, namba za maswali zimeanza upya katikati. Mwalimu akavaa miwani akainama kwenye skrini, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, mtihani wangu umeufanya nini?"

Mi sikuufanya kitu. Yeye anatypia kwa fonti ya Comic Sans kwa sababu watoto wanaisoma vizuri, na ile fonti ni ya Windows, Linux haiji nayo, kwa hiyo kompyuta ikaweka fonti nyingine ambayo herufi zake zina upana tofauti, basi kila mstari ukasogea, mstari ukisogea na picha nayo inasogea, mwisho ukurasa wa nne ukamwagika ukazaa wa tano. Leo naweza kueleza hivi vizuri kabisa. Siku ile nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba ukurasa wa tano maana yake karatasi ya tatu kwa kila mtoto, yaani karatasi 180 zaidi, ambayo ni zaidi ya theluthi ya rimu, na shule ilishanilipa hela ya karatasi mbili.

Nikasema basi nipange upya kwa mkono, nikahangaika nusu saa nikapata kurasa nne, nikabonyeza kuprinti. Kimya. Printa yangu ya leza ile ndogo, kampuni siitaji, taa inawaka lakini haitoi kitu. Kumbe kuna printa ambazo Linux inazitambua yenyewe ukichomeka tu waya, na kuna nyingine zimetengenezwa zikitegemea draiva ya Windows, yaani kale kaprogramu kanakoiunganisha printa na kompyuta, ifanye kazi yote, hizo mpaka mtu ajue aitafutie draiva wapi na namna ya kuiweka, na nyingine hata ukiipata inasumbua. Fundi nampigia hapokei. Mwalimu kaangalia saa, kengele ya shule saa moja na nusu, akachukua flashi yake akavuka barabara akaenda kwa mwenzangu. Hakunisema vibaya hata neno moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Hayo yote ningeyasahau Mhariri kama sio la tatu. Folda yangu ya kadi haipo. Kadi zote za michango, send-off, kitchen party, ubarikio, zile ambazo nabadilisha majina tu na tarehe mteja anaondoka na kadi yake ndani ya dakika ishirini, kazi ya miaka sita, zilikuwa kwenye desktopu. Diski ya kompyuta imegawanywa sehemu mbili, C na D, na fundi alinihakikishia alibakiza vitu vyote vya D. Ni kweli vya D vilikuwepo. Lakini kitu ukikiweka kwenye desktopu hakikai D, kinakaa ndani ya C, na C ndiyo iliyofutwa ikapigwa mfumo mpya. Naandika hili kwa kurudia makusudi ili anayesoma aamke sasa hivi akaangalie: unachokiona pale kwenye uso wa kompyuta, pamoja na Documents na Downloads na picha, kwa kawaida vyote viko C. Kama kuna fundi anakuja kwako wiki hii, vitoe kwanza uviweke kwenye flashi au diski ya nje, uifungue kwenye kompyuta nyingine uone kweli vimo, ndio aguse mashine.

Wiki ile nilikaa siku nne sina kazi ya maana zaidi ya fotokopi. Siku ya tano nikalipa elfu 20 nyingine kwa fundi mwingine, Windows 10 ikarudi.

Sasa nilipokuwa nawaeleza watu haya, majibu niliyopata ndiyo yaliyonifanya niandike. Kijana mmoja anayejua sana mambo ya kompyuta akaniambia shida sio mfumo, shida ni watu wazima hawataki kujifunza, wavivu, wamezoea vya kuonyeshwa. Mwingine akasema Linux ni ya mainjinia, mama wa steshenari anaitafutia nini. Wote wawili siwakubalii.

Mtu anayetumia kompyuta kazini hatumii akili peke yake, anatumia mkono. Mimi nikitype barua sitafuti kitu cha kupigia mstari kiko wapi, mkono umeshafika kabla jicho halijaangalia, kama vile mpishi wa chipsi haangalii chumvi iko wapi. Miaka kumi mkono unajifunza njia zake. Sasa uje usiku mmoja ubadilishe mahali pa vitu vyote halafu asubuhi foleni ya wateja iko mlangoni, mkono unaenda kule kule hakuna kitu, unaanza kutafuta kwa macho, mteja anaguna, jasho linakutoka, unajiona mjinga wakati wewe ni yule yule wa jana uliyekuwa unaimaliza kazi hii ndani ya dakika tano. Huo sio uvivu. Hata dereva wa daladala mwenye miaka ishirini barabarani ukimpa gari lenye usukani kushoto ataliendesha, lakini usimpe siku ya kwanza akiwa na abiria njia ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Tena jambo lenyewe sio la Linux peke yake. Wanaokumbuka 2007 Microsoft Office ilipobadilishwa ile menyu ya juu wanajua kilio kilichokuwepo maofisini, mtu ameitumia Word miaka kumi hajui pa kuprintia. Windows 8 ilipotoka 2012 kile kitufe cha Start cha pale chini kikaondolewa, watu walilalamika dunia nzima, na mwaka uliofuata kwenye 8.1 kikarudishwa. Hao ni watu waliokuwa wanahama chumba ndani ya nyumba ile ile! Na wanaoingia kwa Apple wana yao, kuna mtoto wa jirani aliletewa laptopu kutoka Marekani, wiki nzima anabonyeza Ctrl na C haikopi, kumbe kule wanabonyeza Command. Kitu kidogo lakini ukikifanya mara mia kwa siku sio kidogo tena.

Halafu ninyi mnaosema wananchi hawawezi kujifunza mfumo mpya, hizi simu tulizonazo mikononi ni nini? Android ndani yake imejengwa juu ya Linux, ile ile mnayosema ni ya mainjinia. Bibi yangu kijijini anatuma hela kwa simu, anapiga picha, anasikiliza sauti za wajukuu, na hakuna aliyemwita mvivu. Tofauti ni kwamba simu aliinunua ikiwa na mfumo wake ndani, kila kitu kimeshapangwa kikaonana, na hapakuwa na kazi ya miaka sita ya kuhamisha, na alikuwa na mjukuu wa kukaa naye kwenye mkeka akamwonyesha mpaka akaelewa. Hayo matatu mwenye kompyuta ya mtumba hana hata moja. Anaachiwa mfumo mtupu, printa yake haijaulizwa, mafaili yake hayajaulizwa, na fundi ameshapanda bodaboda.

Mimi nimehama Mhariri. Nataka hili lisomeke ili nisije nikaonekana naipinga Linux. Sasa hivi kompyuta yangu moja ni Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi pale dukani. Ila safari ya pili haikuanzia kwenye mfumo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko mwaka wa pili chuo, alikuja likizo ya Desemba akanikuta na hasira zangu. Hakuniambia kitu kuhusu Linux kabisa. Akasema mama mdogo, hebu mwezi huu bakia hapa hapa kwenye Windows ila tubadilishe programu moja tu. Akaniwekea LibreOffice, programu ya kutypia kama Word, ambayo ni bure na ipo kwa Windows na kwa Linux ile ile. Akaingia kwenye View, User Interface, akachagua Tabbed, menyu ya juu ikakaa karibu na ile niliyoizoea. Akaingia Tools, Options, Load/Save, General, akachagua kila faili lisevike kama faili la Word lenyewe bila mimi kukumbuka, maana bila hivyo linasevika kwa odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, na mimi ile wiki mbaya niliwapa wateja watatu flashi zenye odt, wawili walirudi wakisema ofisini wameambiwa faili halijulikani. Dakika mbili za kazi hizo! Fundi angezifanya Jumamosi ile ningekuwa nimepona nusu ya matatizo.

Basi mwezi mzima nikatype kwa LibreOffice, wakati Word bado iko pale pembeni nikikwama. Wiki ya kwanza nilikuwa narudi Word kila saa. Wiki ya tatu nikagundua tangu asubuhi sijarudi. Kuhusu mitihani nikaongea na yule mwalimu, maana nilimfuata mpaka shuleni kumwomba radhi, tukakubaliana akimaliza kutype kwake ageuze kuwa PDF ndio aniletee, PDF inabeba fonti zake ndani yake haisogei popote utakapoifungua. Mwezi huo ulipoisha mpwa wangu akashusha Linux Mint, bando lilikwenda kama GB 3 hivi, akaiweka kwenye flashi ya GB 8, akawasha kompyuta kwa ile flashi bila kuinstoli chochote. Hili nalo nilikuwa silijui kabisa kwamba inawezekana! Unawasha kwa flashi, unaona kama printa inafanya kazi, sauti ipo, waifai ipo, faili zako zinafunguka, na ukiizima ukachomoa flashi Windows yako iko vile vile haijaguswa. Tulijaribu ile printa ndogo ikakataa kama mwanzo, tukajaribu ile kubwa yenye skana ikakubali yenyewe bila kuambiwa. Kwa hiyo tukajua kabla, sio baada, ipi iende na kompyuta ipi.

Akanisomea pia habari iliyonifariji. Askari wa Ufaransa wanaoitwa Gendarmerie walihamisha kompyuta zao kwenda Linux, na wao hawakuanza na mfumo. Walianza na programu ya ofisi, OpenOffice, ilikuwa 2005, wakaja na Firefox ya kufungulia intaneti na barua pepe ya Thunderbird, na 2008 ndipo wakaanza kuhamia Ubuntu, nayo ni aina ya Linux, wakati mikono ya watu imeshazoea vitu vya ndani. Mji wa Munich kule Ujerumani nao uliamua 2003, wakaenda miaka kumi mpaka wakafika kompyuta karibu 15,000, na pamoja na muda wote huo 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows, siasa ikiwemo na malalamiko ya watumiaji yakiwemo. Serikali yenye hela na wataalam inachukua miaka kumi na bado inayumba, halafu mimi naambiwa Jumamosi jioni kwamba inafanana tu.

Na zipo faida ambazo sikuzitegemea. Wenye steshenari wote wanavijua virusi vya shotikati, mwanafunzi anakuja analia, flashi yake imejaa vishale tu, faili la utafiti wake halipo, kesho anakabidhi. Zamani nilikuwa namwambia pole. Siku moja Februari nikachomeka flashi ya namna hiyo kwenye ile Mint, vile vishale vikabaki kama taka tu havifanyi kitu, na pembeni yake ikaonekana folda haina jina, nikaifungua, kazi zake zote zimo ndani, zilikuwa zimefichwa tu. Yule binti alikaa chini sakafuni pale pale dukani akashika kichwa. Sikumtoza hela. Tangu hapo hosteli za karibu wameambiana, wanakuja.

Lakini sitaki nami nianze kuwadanganya watu. Kuna ambayo hayajakaa sawa mpaka leo. Kadi za zamani zilizobaki kwa wateja zilitengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, kwenye LibreOffice zinafunguka lakini maua yamekaa kwingine na maandishi kwingine, kwa hiyo kompyuta ya pili nimeiacha na Windows 10, nimeichomoa kwenye intaneti, inafanya kadi na inaendesha ile printa ndogo basi. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniomba nimhamishe naye, nilipomuuliza hesabu zake anatunzia wapi akasema Tally, nikamwambia kaka usihame, Tally hawajaitengeneza kwa Linux, na QuickBooks ile ya kuinstoli hivyo hivyo, na anayechora kwa CorelDRAW au Photoshop naye hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo afanye mpango wa mashine nyingine taratibu, au asubiri. Kumwambia abaki alipo ni ushauri mzuri pia, sijui kwa nini mafundi wetu wanaona aibu kuutoa.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa ndugu zetu mafundi, kuanzia Kariakoo mpaka huku kwetu Temeke, kabla hamjafomati mashine ya mtu muulizeni anafanya kazi gani nayo, anatumia printa gani, mafaili yake yapo wapi, na muwashieni kwa flashi kwanza aone mwenyewe. Robo saa tu. Kama ni hela, ongezeni elfu tano ya hiyo robo saa, mi ningeilipa bila kubisha. Na mrudi siku ya pili, hata kwa simu, pokeeni simu.

Kwa maofisi, ya serikali na ya binafsi, mnaotaka watu walete fomu kwa Word, na lisipofunguka vile mlivyozoea mnamrudisha mtu kutoka Posta mpaka Chanika, pokeeni PDF. Na nyie mnaotoa fomu za kujaza itoeni kwa namna ambayo haimlazimishi mwananchi awe na programu ya kununua ndio ajaze jina lake.

Na kwa Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, mimi nimejua juzi tu kwamba 2004 palepale mlimani mlitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, iliyotafsiriwa na watu wetu wenyewe. Nilipoambiwa nilinyamaza kwa muda. Nimekaa miaka yote hii nawaelekeza wateja wazee "bonyeza pale palipoandikwa Insert," mtu hajui Insert ni nini, anakariri umbo la neno. Kazi kama ile ilikuwa ndiyo daraja lenyewe, maana ukibadilishiwa mfumo lakini maneno ni ya lugha yako unasoma unaelewa, hukariri. Nawaomba wenye uwezo kule wairudie, au watuambie imefikia wapi na sisi wa mtaani tunaweza kusaidia nini, mimi maneno ya kazini kwangu nayajua yote wanavyoyaita wateja.

Wewe Mhariri nakuomba kona ndogo, hata mara moja kwa wiki, ya kuwaeleza watu mambo haya kwa Kiswahili cha kawaida, kuna watu wengi bado wana mashine za Windows 10 na hiyo nyongeza ya mwaka mmoja nayo mwisho wake ni Oktoba 2026.

Na kwa walio karibu, Jumapili mimi nafunga kazi saa nane mchana, mpwa wangu akiwa likizo naye anakuwepo. Ile flashi ya Mint ninayo kwenye droo. Anayetaka kujaribu aje na laptopu yake na chaja, na kama anaprinti aje na printa yake pia, tutaiwasha tuone inakubali nini na inakataa nini, halafu ataondoka na Windows yake ikiwa vile vile akafikirie nyumbani.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye steshenari,
Tandika, Dar es Salaam.